Unataka mbwa asiyepukutisha manyoya? Pima kwanza

MKUMBARA ni mahali pa joto. Eneo hili la wilaya ya Korogwe lipo kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kati ya Mombo na Mkomazi, chini kabisa ya milima ya Usambara. Mwenye duka la kando ya barabara na mfugaji wa mbuzi wa tambarare hii wana hitaji moja: mlinzi wa usiku asiyedai mshahara. Mlinzi huyo ni mbwa.

Hata hivyo, mbwa ana kero zake, na mojawapo ni manyoya. Hudondoka uani, hunasa kwenye nguo zilizoanikwa na huweza kuingia hata kwenye unga. Kwa muuza mitumba au mama lishe, manyoya machache tu yanatosha kumfukuza mteja.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mkoa wa Tanga, jambo hili ni zito zaidi. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii huhesabu mbwa kuwa najisi, na palipoguswa naye pakiwa na majimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, kulinda shamba na kuwinda. Kwa hiyo mtu anaweza kufuga mbwa kwa kazi halali na bado akahitaji manyoya yasifike kwenye mkeka wa kuswalia.

Ndiyo maana mnunuzi huvutiwa haraka anapoambiwa kuwa kuna mbwa wa kigeni "asiyetoa manyoya kabisa". Kabla ya kufungua pochi, ni vyema akajua ukweli wa maneno hayo.

Kila mbwa hutoa manyoya

Kila unyoya huota, hufikia mwisho wa kukua, kisha hudondoka na kuachia mwingine nafasi. Tofauti ya mbwa na mbwa ni urefu wa mzunguko huo. German Shepherd, ambaye wengi humpenda kwa ulinzi, ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu magumu, na ya chini laini kama pamba. Huyu hupukutisha mwaka mzima.

Poodle ni kinyume chake. Manyoya yake hukua muda mrefu kabla ya kudondoka, na yanayodondoka hunaswa ndani ya mawimbi ya yale yaliyobaki. Sakafu huwa safi, lakini kazi haijaondoka. Asipochanwa mara kadhaa kwa wiki na kukatwa takribani kila baada ya wiki sita, manyoya husokotana na kuwa kama mkeka uliogandamana na ngozi. Chini yake hujificha unyevu, vidonda na kupe.

Kwa maneno mengine, mwenye mbwa wa aina hii haepuki gharama ya manyoya. Anaacha ufagio na kuchukua mkasi.

Mtoto akiwa na pumu

Wengi hutafuta mbwa wa aina hii kwa sababu kuna mtu nyumbani mwenye pumu au mzio, yaani mwili wake hukataa vitu fulani. Mfano uliosikika duniani kote ni wa Barack Obama, Rais wa zamani wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Mwaka 2009 familia yake ilichukua mbwa aina ya Portuguese Water Dog aliyeitwa Bo, kwa kuwa binti yao Malia alikuwa na mzio.

Lakini kinacholeta mzio si unyoya wenyewe. Ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na magamba madogo ya ngozi ya mbwa. Mbwa akijilamba, protini hizo hubaki kwenye manyoya, kisha huruka na vumbi. Mbwa mwenye manyoya machache bado ana mate na ngozi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulilinganisha vumbi la nyumba zenye mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio na vumbi la nyumba zenye mbwa wengine. Kiasi cha protini hiyo hakikuonyesha tofauti ya maana.

Somo jingine linatoka Australia. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, alichanganya Poodle na Labrador ili kumsaidia mama kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa. Walizaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate yao zilipopelekwa kwa yule mume, ni mtoto mmoja tu ambaye hakumletea shida.

Ikiwa watoto wa tumbo moja walitofautiana hivyo, jina la aina ya mbwa haliwezi kuwa dhamana. Mwenye mgonjwa wa pumu apate kwanza ushauri wa daktari. Daktari akiridhia, mgonjwa akae karibu na mbwa yuleyule anayekusudiwa, kwa siku tofauti, kabla pesa haijatoka.

Wa Shume si wa Mkumbara

Enzi za utawala wa Wajerumani, magogo ya mierezi yalishushwa kwa kamba ya angani kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara. Juu kule ni baridi na ukungu. Huku chini ni jua kali. Mbwa wa manyoya mazito anaweza kustahimili Shume, lakini akiletwa Mkumbara atashinda akihema kivulini. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama binadamu. Hutegemea zaidi kuhema, na usiku unapofika huenda akawa amechoka kabla ya kuanza lindo.

Aidha, kupe huambukiza mbwa homa zinazoweza kumuua, na ni vigumu kuwaona kwenye manyoya marefu. Penye mbung'o, ugonjwa wa nagana nao huua mbwa, na mbwa wa kigeni huathirika zaidi.

Tuliye naye uani

Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi yanayolala kwenye ngozi. Hudondosha kiasi, lakini kwa kumsugua kwa brashi ngumu au kitambaa kibichi mara moja au mbili kwa wiki, mbali na nyumba, kero hupungua sana. Hahitaji kinyozi, na kupe wake huonekana kwa macho.

Wenzetu wa nje waliona thamani hiyo zamani. Mbwa wa vijijini wa Congo walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa London mwaka 1937 kwa jina la Basenji, jina lenye undugu na neno letu "washenzi". Leo Basenji hufugwa Ulaya na Marekani na husifiwa kwa kutoa manyoya kidogo na kujilamba safi kama paka. Ila kuna jambo moja kwa anayetaka mlinzi: Basenji habweki kama mbwa wengine.

Akinyonyoka sana, huenda anaumwa

Wafugaji wengi hudhani mbwa wao ni wa aina mbaya kumbe ni mgonjwa. Manyoya yanayotoka kwa mabaka, ngozi yenye magamba na mbwa kujikuna usiku kucha ni dalili za upele, viroboto au fangasi. Upele na fangasi vinaweza kumpata binadamu pia, hasa watoto wanaomshikashika.

Minyoo na lishe duni navyo hupukutisha manyoya. Mbwa anayekula ugali mtupu hapati protini ya kutosha kujenga unyoya imara. Dagaa, mabaki ya samaki yasiyo na miiba mikali au nyama kidogo huleta mabadiliko. Kabla ya kufikiria kubadilisha mbwa, muone bwana mifugo. Pengine tiba na dagaa vitamaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko kununua mwingine.

Unapochagua

Anza na kazi. Mbwa wa kulinda duka abweke. Mbwa wa mbuzi asiwe mwenye kukimbiza mifugo ovyo. Tazama wazazi wake, hasa mama, kwa kuwa manyoya ya mtoto hubadilika akikua. Pitisha kiganja kinyume na manyoya uone yanayobaki mkononi, kisha tazama ngozi kama ina mabaka au vidonda. Usimchukue mtoto ambaye hajatimiza wiki nane.

Piga hesabu ya mwaka mzima: chakula, dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chanjo, na kama ni Poodle, mashine ya kukatia na muda wa kuitumia. Jenga banda lenye kivuli, mbali na kamba ya nguo na mahali pa swala. Wahenga walionya kuwa ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Mbwa akizoeshwa tangu mdogo kwamba makazi yake ni uani, ataheshimu mpaka huo.

Awe na manyoya mengi au machache, chanjo ya kichaa cha mbwa haikwepeki. Achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na awahi kituo cha afya siku hiyohiyo. Manyoya uani yatafagiliwa kesho. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, hakina tiba.