Je, Wajua? Prosesa ya bei nafuu, stima ya mpakani na shaba ya Macalder

Je, wajua kwamba prosesa mbili zenye majina na bei tofauti huenda zilikatwa kwenye sahani moja ya silikoni? Kiwanda huchapa mamia kwa pamoja, kikazipima moja moja, kisha kikaziandikia kasi. Iliyofaulu vizuri hupewa jina kubwa, iliyopungukiwa hupewa jina la chini. Soko likidai za bei nafuu kuliko zilizopungukiwa, hata zilizofaulu huandikiwa kasi ndogo zikauzwa kwa bei hiyo. Hapo ndipo ovakloki ilipopata nafasi: kuipandisha prosesa juu ya kasi iliyoandikiwa kiwandani. Kwa kijana wa Isebania, mji wa Migori mpakani na Tanzania, anayeunganisha kompyuta ya kuchezea gemu au ya kuhariri video za harusi, jambo hili lina mvuto mkubwa. Lina masharti pia, na mengi ya masharti hayo yako nje ya prosesa yenyewe.

Prosesa iliyowasha moto wa ovakloki ulimwenguni ilikuwa ya bei ya chini. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A kwa dola 149. Pentium II ya megahezi 450, iliyotoka mwezi huo huo, iliuzwa dola 669. Bodi mama hupiga mapigo, na prosesa huyazidisha: Celeron ilipokea mapigo ya megahezi 66, ikayazidisha mara 4.5, ikafika 300. Mtu akibadilisha mapigo ya bodi kuwa 100, hesabu ile ile ilimpa 450, na prosesa nyingi zilikubali bila kulalamika. Kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa kilobaiti 128 tu dhidi ya 512 za Pentium II, lakini ilikimbia kwa kasi kamili ya prosesa ilhali ile ya Pentium II ilikimbia nusu. Penye bodi isiyokuwa na swichi ya mapigo, watu walifunika mguso mmoja wa prosesa, ulioitwa B21, kwa kipande cha utepe, na bodi ikadhani imepachikwa prosesa ya mapigo 100.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya penseli. AMD ilifunga kizidishi cha prosesa zake za Duron na Athlon kwa kukata vijidaraja vidogo vilivyokuwa juu ya prosesa. Penseli ya shuleni ina grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Kwa kuchora mistari midogo kuunganisha vijidaraja hivyo, kufuli lilifunguka.

Siku hizi mlango ni mwembamba zaidi. Tangu 2011 Intel imeacha wazi prosesa chache tu, nyingi zikiwa na herufi K mwishoni mwa jina, nazo hudai bodi mama za daraja la Z. Mwaka 2014 ilitoa kwa heshima ya jina la Pentium prosesa moja ya dola 72 iliyofunguliwa, G3258, ambayo ilitoka kiwandani na gigahezi 3.2 na wengi wakaifikisha 4 na zaidi. AMD kwa upande wake iliacha karibu prosesa zote za Ryzen wazi tangu 2017. Ila hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa: bodi za A320 na A520 haziruhusu kugusa kizidishi, hata prosesa iwe wazi namna gani. B450 na B550 zinaruhusu. Ukiokoa pesa kidogo kwenye bodi, umeifunga mwenyewe prosesa uliyoichagua kwa sababu ilikuwa wazi.

Na kompyuta za ex-UK, zile Dell OptiPlex na HP za ofisini zinazojaa madukani kuanzia Nairobi hadi Migori mjini? Hizo hazikujengwa kwa ovakloki. Bodi zake ni za kiofisi, BIOS haina kipengele cha kasi wala volti, na nyingi zina pawa saplai ya umbo na soketi za kipekee isiyobadilishika kirahisi. Hata hivyo, ningemwambia yeyote mwenye bajeti ndogo aanzie hapo. Aondoe diski ya kuzunguka aweke SSD. Kama ina kipande kimoja cha RAM, aongeze cha pili kinacholingana nacho, kwa sababu vipande viwili hufungua njia mbili za data badala ya moja. Tofauti atakayoiona kila siku itazidi ile ya megahezi mia mbili tatu za kulazimisha.

Sasa joto, maana ndilo bei halisi ya mchezo huu. Nguvu inayoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.33. Umepata kasi sehemu moja ya kumi, umelipa joto sehemu moja ya tatu. Ndiyo maana mafundi wengi leo hufanya kinyume: hupunguza volti kidogo kidogo kadiri prosesa inavyovumilia, ikapoa, na kwa kuwa prosesa za sasa hujipandisha kasi zenyewe zikipata ubaridi, kazi huenda haraka pasipo kulazimishwa. Wale wa rekodi ni watu wengine kabisa. Mwaka 2022 prosesa ya Core i9-13900K ilivushwa gigahezi 9 kwa kumwagiwa heliamu ya kimiminika, na hiyo si kasi ya kufanyia kazi ya mtu.

Je, wajua kwamba mwinuko wa nchi nao huingia katika hesabu? Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na Isebania iko juu zaidi ya ziwa. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ile ile, kwa mizunguko ile ile, husukuma hewa yenye uzito mdogo na kubeba joto dogo. Jioni zetu za baridi hurudisha sehemu ya hasara hiyo. Vumbi la barabarani haliirudishi: tabaka jembamba kwenye mapezi ya kipoozaji linatosha kuharibu kazi yote. Chagua kasha lenye chujio mbele, na ulisafishe kabla hujafikiria kununua feni nyingine.

Kuhusu mapezi hayo, shaba hupitisha joto karibu mara 1.7 kuliko alumini, ila ni nzito zaidi ya mara tatu. Vipoozaji vizuri huchanganya: shaba pale inapogusa prosesa, alumini kwenye mapezi. Na shaba si ngeni Migori. Huko Macalder, Nyatike, ilichimbwa pamoja na dhahabu wakati wa ukoloni, na kwa ajili ya mgodi huo kilijengwa miaka ya 1950 kituo cha umeme cha maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja. Mgodi ule mkubwa ulifungwa. Kituo kipo bado, chini ya KenGen, na uwezo wake ni megawati 2. Kompyuta ya gemu iliyosukumwa inaweza kula wati 300, kwa hiyo Gogo yote ingetosha kompyuta kama 6,600. Hesabu hiyo inaonyesha jinsi wati zinavyokwenda.

Ndiyo maana kama ningekuwa na shilingi za kutosha sehemu moja tu nzuri, ningezitia kwenye pawa saplai. Umeme wa Kenya ni volti 240, wa Tanzania ng'ambo ya pili pale Sirari ni 230, yote kwa hezi 50. Pawa saplai ya kisasa ya 100 hadi 240 haitajali uko upande gani. Ile ya zamani yenye swichi nyekundu nyuma ni hatari: ikiwa imeachwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani, italipuka papo hapo. Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Soma mstari wa volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya michoro hulishwa kutoka hapo. Na UPS ya VA 650 haibebi wati 650. Nyingi hubeba kati ya nusu na theluthi mbili ya namba hiyo. Stima ikikatika katikati ya kuandika BIOS, unaweza kubaki na bodi iliyokufa.

Anayevuka kwenda kununua Mwanza au Dar es Salaam ajue pia kwamba ule utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Prosesa haimo. Itangazwe mpakani kama bidhaa nyingine za kutoka nje, na risiti itunzwe, ingawa dhamana ya kiwanda haifidii uharibifu uliosababishwa na ovakloki.

La mwisho ni kupima. Programu inayopendwa sana kwa kazi hiyo, Prime95, iliandikwa na George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne, mradi ulioanza 1996 na ambao Oktoba 2024 ulitangaza namba yenye tarakimu 41,024,320. Inafaa kwa sababu ina majibu sahihi ya kulinganisha: prosesa ikikosea hesabu hata mara moja, husema. Panda hatua moja, ipime kwa saa kadhaa, ndipo upande nyingine. Kosa likijitokeza, shuka. Na usipime usiku. Pima saa nane mchana, bati limepata moto na madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, kwa sababu nyuzi zote za joto la chumba huhamia kwenye prosesa, na mashine iliyotulia saa hiyo itatulia saa zote.