Hita ya Gari la Umeme: Imetumwa au Haikutumwa?

Dereva anayepita Ipogolo alfajiri ya mwezi wa Julai anaijua baridi ya Iringa. Katika gari la petroli hana wasiwasi, kwani maji yanayopoza injini ndiyo hayo hayo yanayompasha joto. Gari la umeme halina injini ya namna hiyo. Lina hita yake, inayokula umeme wa betri kubwa. Magari haya bado ni machache nchini, lakini yanakuja, na mafundi wetu hawana budi kujiandaa.

Hita ikigoma, ni rahisi kusema bodi yake ya saketi imeungua. Bodi mpya ni fedha nyingi, na huenda ile ya zamani haina kosa. Bodi ni kama mtumishi: haipashi joto mpaka itumwe. Anayeituma ni kompyuta ndogo ya kiyoyozi, kwa waya mwembamba wa umeme wa volti 12. Katika magari mengine amri huja kama mapigo ya umeme; pigo likirefuka, joto huongezeka. Katika mengine huja kama ujumbe wa tarakimu.

Basi fundi aanze na soketi ndogo, ikiwa imechomekwa. Kwanza aangalie fyuzi, pili waya wa hasi, tatu waya wa amri. Kwa hita ya mapigo, aweke mita kwenye volti za disii, kisha aongeze joto. Mapigo yakiwaka nusu ya muda, mita husoma karibu volti 6. Ikiganda kwenye sifuri au 12, atafute waya uliokatika, kutu, au sababu ya kompyuta kukaa kimya. Kwa ujumbe wa tarakimu, mita haitoshi. Itahitajika mashine ya kusoma hitilafu. Amri ikifika na hita ibaki baridi, hapo ndipo bodi ishukiwe.

Lakini tahadhari! Nyaya nene za rangi ya chungwa huua. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ina betri ya takriban volti 360. Kuzima gari hakutoshi: plagi ya usalama hutolewa, kisha husubiriwa muda uliowekwa na mtengenezaji, ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Asiye na mafunzo wala glavu za umeme aishie kwenye volti 12.

Mtumishi ambaye hakutumwa, msikilizaji, hana kosa. Tumuulize kwanza, ndipo tumfukuze kazi.