Kikulacho ki Nguoni Mwako

Wiki hii twawaletea kisa cha kweli kilichotokea Uingereza. Kingawa cha mbali, nchi yetu imetajwa ndani yake, na mafunzo yake yanazihusu nyumba zetu za Magarini.

Kirat Assi, mtangazaji wa redio wa jamii ya Singasinga jijini London, alianza mnamo 2010 kuandikiana mtandaoni na tabibu wa moyo aitwaye Bobby. Hakumdhania kuwa mgeni, kwani picha zilikuwa za mtu aliye hai, na ukoo wake ulijulikana. Mwaka 2015 urafiki ukageuka mapenzi, kisha ahadi ya ndoa.

Walizungumza kwa simu usiku kucha, lakini kila alipotaka kumwona uso, kamera ilikuwa mbovu. Aliambiwa kwamba Bobby alipigwa risasi hapa Kenya, kisha akafichwa New York chini ya ulinzi wa mashahidi. Kila udhuru ulithibitishwa mtandaoni na watu zaidi ya 50 waliojiita jamaa na marafiki zake. Wivu wa Bobby nao ulizidi: alitaka kujua bibi huyo yuko wapi na yu pamoja na nani. Kirat akajitenga na watu. Afya na kazi yake vikadhoofika.

Mwaka 2018 alimwajiri mpelelezi, akafika mlangoni kwa Bobby wa kweli mjini Brighton. Yule bwana alikuwa na mke na mtoto, wala hakumjua. Hatimaye binamu yake Kirat, mwanamke aliyekuwa msiri wake miaka yote hiyo, alikiri kwamba Bobby ni yeye, na wale wengine wote ni yeye.

Uingereza haikuwa na kosa la jinai lenye jina la udanganyifu wa namna hiyo. Kirat alifungua shauri la madai, likaisha kwa fidia na barua ya kuomba radhi. Kisa chake kilitangazwa mwaka 2021 katika mfululizo wa sauti uitwao Sweet Bobby, na 2024 kikatolewa filamu na Netflix.

Sisi hapa tunayo sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 29, yamtoza anayetumia kwa hila utambulisho wa mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Lakini sheria huja baada ya maumivu. Wazee wetu waliweka kinga kabla yake: posa hupelekwa na watu wanaoonekana, nyumba huulizwa, majirani huulizwa, na ndoa haifungwi bila walii na mashahidi. Mchumba aliyeko Gongoni, Mambrui au Ghuba aweza kuulizwa vivyo hivyo. Asiyekubali kuonekana wala kuulizwa hajaleta posa bado.

Jambo moja twawasihi wazazi. Binti au kijana akija na shaka, asikemewe wala asiaibishwe. Kirat alidanganywa na mtu mmoja tu, msiri wake. Anayeogopa aibu nyumbani hubaki na msiri wa namna hiyo peke yake.

Wabillahi tawfiq.