Kanga haikatwi ovyo: mafundi wetu ndani ya makumbusho ya V&A

Na Mwandishi Wetu, London

Mafundi wa nguo wa jumuiya yetu hapa London wamezoea kutafuta mitindo kwenye simu. Mteja huleta picha, fundi huitazama, mkasi hufanya kazi. Ni wachache wanaojua kuwa lile jumba kubwa la Victoria and Albert, maarufu kwa jina la V&A, pale South Kensington, lilianzishwa kwa ajili ya watu wa kazi kama wao. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1852, kutokana na faida ya Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, na shabaha ilikuwa kuwapa mafundi, wachora nakshi na wenye viwanda mahali pa kutazama kazi bora ili nao wainue kazi zao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1850 waliweka taa za gesi, ili anayeshinda kazini mchana apate kwenda jioni. Kuingia katika kumbi zake za kudumu ni bure mpaka leo.

Basi yalipofunguliwa hapo maonyesho ya mitindo ya Kiafrika, Africa Fashion, Julai 2022, tuliongozana na mafundi wawili wa kike, mmoja mtu wa Mombasa na mwenziwe wa Unguja. Haya yalikuwa ya kulipia tiketi. Walitaka tuwasomee maelezo ya Kiingereza, lakini tulipofika tulikuta wao ndio wa kutufafanulia.

"Mwanangu, maandishi soma wewe," alituambia yule wa Unguja. "Mimi nataka kujua imefungwaje."

Vitu vilivyowekwa vilizidi 250, na mtu angeweza kumaliza siku nzima. Sisi tulikwama mapema, mbele ya kazi za Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Mama huyu alikuja London katika miaka ya 1950 kusomea uuguzi, akabadili nia na kusomea ubunifu wa mavazi katika chuo cha Saint Martin's, kisha akarudi kwao mwaka 1960, mwaka wa uhuru, na kufungua duka Lagos. Aliichukua iro, kitambaa ambacho wanawake wa Kiyoruba hujifunga kiunoni, akaishona iwe sketi inayoonekana kama imefungwa kwa mkono kumbe ina zipu. Mwanamke wa ofisini hahitaji tena kusimama kila mara kuikaza nguo yake.

Mafundi wetu walizunguka hapo kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Walichokitafuta ni mahali zipu ilipofichwa. Rangi hawakuitaja hata mara moja.

Pa pili palikuwa kwa Chris Seydou wa Mali, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufariki 1994. Yeye alichukua bogolan, kitambaa cha pamba kinachotiwa nakshi kwa matope, akakishonea makoti na sketi fupi za mkato wa Paris. Tatizo lake lilikuwa hili: michoro ya bogolan hairudiirudii sawasawa kama ya kitambaa cha kiwandani, na kila sehemu ina maana yake. Ukikata kwa mkato wa koti, unakata pia maneno ya watu. Akaamua kuagiza bogolan yenye michoro michache zaidi, inayofaa kukatwa.

Hapo ndipo mjadala wa kanga ulipozuka, na kwetu sisi ndio uliolipa nauli ya siku ile. Kanga, au leso kama asemavyo mtu wa Mombasa, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake chini. Upande wa urefu una kama sentimita 150, wa upana kama 110. Siku hizi harusini tunaona magauni ya kanga ambayo jina limekatwa katikati, nusu iko begani na nusu kwapani, methali imekuwa herufi tu. Wa Mombasa alisema hana hatia, mteja ndiye anayetaka hivyo. Wa Unguja akamjibu kuwa mteja hajui kwa sababu fundi hajamwonyesha kingine. Kisha akaanza kupima hewani kwa viganja: usikate kabisa, pindo la juu likunje liwe ukanda wa kiuno, mikunjo ishonwe ndani, zipu ikae pale kanga inapopandana ubavuni, jina libaki zima kwenye ncha ya chini.

"Na mwenye nyonga nene je?" aliuliza wa Mombasa.

"Kwani doti ina kanga ngapi?"

Ghorofa ya juu ilikuwa ya wabunifu wa leo, na tulipita haraka zaidi kuliko ilivyostahili. Tunakumbuka rafia ya waridi ya Imane Ayissi wa Kameruni, na jirani zetu Moshions wa Rwanda, ambao huchota nakshi zao kwenye imigongo, ile sanaa ya kuta inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe.

Hata hivyo hatukutoka tukiwa tumeshiba. Kwa macho yetu mizani ililemea Afrika Magharibi: kente, adire, bogolan. Pwani yetu ilibaki pembeni. Ni kweli kwamba British Museum mwaka 2015 iliweka maonyesho ya vitambaa vya Afrika Mashariki na Kusini, kanga zikiwa mbele, lakini hayo yalikuwa ya vitambaa, si ya washonaji. Lawama si ya makumbusho peke yake. Kanga zetu nyingi zilichapwa nje, Uholanzi, India na Japani, na ingawa jina la mfanyabiashara linajulikana, kama lile la Mali ya Abdulla wa Mombasa tangu 1887, aliyechora mji na pindo mara nyingi hatajwi. Nasi wenyewe kanga tunaivaa, tunabebea mtoto, mwisho tunafutia meza. Nani aliweka ya bibi yake?

Kutoweka kumbukumbu kuna gharama. Mwaka 2006 kampuni moja hapa Uingereza iliomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga, na ombi halikufika popote. Louis Vuitton nao walipandisha shuka ya Kimasai jukwaani katika mavazi ya kiume ya mwaka 2012. Yule wa Mombasa alituuliza kama na yeye si mwizi, akitumia zipu ya Mnigeria. Tunaona hapana. Namna ya kufunga nguo ni elimu ya ufundi, na mafundi wameipokezana siku zote. Nakshi yenye wenyewe, ukiiuza bila kuwataja, ni jambo jingine.

Maonyesho yale yalifungwa London Aprili 2023 yakahamia Brooklyn na kwingineko. Anayetaka kutazama kwa karibu sasa ana nafasi nzuri zaidi: tangu tarehe 31 Mei 2025 V&A imefungua ghala lake, V&A East Storehouse, upande wa Stratford. Mtu yeyote anaweza kuchagua hadi vitu vitano katika orodha yao, akaweka miadi angalau wiki mbili kabla, na mfanyakazi akamtolea mezani bila malipo. Orodha iko kwenye tovuti yao, kwa Kiingereza, kwa hiyo wenye vijana nyumbani wawatumie. Fundi wetu wa Unguja anaitaka nguo yoyote ya kujifunga iliyotiwa zipu, na atawaomba wamwonyeshe upande wa ndani.