Je, Wajua? Wi-Fi na maikrowevu hugombania njia moja

Wi-Fi nyingi za nyumbani hutumia masafa yaleyale ya maikrowevu ya jikoni: gigahezi 2.4. Ndiyo maana video kwenye simu huweza kukwama chakula kinapopashwa moto! Mawimbi machache huvuja kwenye mlango wa maikrowevu. Hayamdhuru mtu, lakini yanatosha kuvuruga mtandao.

Wi-Fi iliingia kwenye njia hii baada ya Marekani kuyafungua masafa haya kwa mawasiliano yasiyohitaji leseni mwaka 1985.

Maji nayo huyameza mawimbi ya Wi-Fi. Weka tangi la samaki mbele ya ruta, na chumba cha nyuma yake kitapata mtandao dhaifu. Hata wageni waliojaa sebuleni huyapunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji.

Wi-Fi ya gigahezi 5 haisumbuliwi na maikrowevu, tena ina kasi zaidi. Ila ukuta mnene huishinda upesi.