Ukikaa peke yako ziwani, ni kweli wote wanakuangalia?

Leo tuongelee kitu ambacho naamini kimewakuta wengi hapa Mwanza.

Una mawazo, nyumbani kelele, mfukoni hamna kitu. Asubuhi unaamua uende zako Capri Point, ukae juu ya jiwe uangalie maji, roho itulie. Dakika tano haziishi unaanza kuhisi macho mgongoni. Unajisemea, hawa watasema nimeachwa na demu, au navuta bangi, au nataka kujitupa majini. Mimi yamenikuta. Niliinuka nikajifanya napokea simu, nikaondoka. Amani niliyoifuata sikuipata.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 2000 mtaalamu wa saikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wao. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo vijana wa pale waliona aibu kuivaa, halafu akaingizwa chumba chenye wenzake. Waliovaa walipoulizwa wangapi wameitambua ile picha, walikadiria karibu nusu. Ukweli ni kwamba ilikuwa takribani robo tu. Yaani wewe unajiona muda wote, basi unadhani na wenzio wanakuona hivyo hivyo. Kumbe kila mtu yuko bize na fulana yake.

Ila tusidanganyane jamani. Kuna macho mengine yanahukumu kweli. Huku kwetu Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho yale ni moshi! Mtu kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu miaka nenda rudi, unategemea yawe meupe? Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, na hata kumtuhumu mtu ovyo kuwa ni mchawi ni kosa. Lakini sheria haiingii kwenye macho ya jirani.

Na hapa ndipo nilipojishtukia. Siku ile pale Capri Point kulikuwa na mama mmoja kakaa peke yake jiwe la pili. Kabla sijaondoka nilishajiuliza, huyu ni mzima kweli, asubuhi yote hii anafanya nini hapa? Mimi niliyekuwa naogopa macho ya watu, nilikuwa nimemkodolea yangu. Huenda na yeye alinikimbia mimi.

Kwa hiyo ukienda ziwani, kaa. Wengi hata hawajakuona. Na ukimkuta mwenzio katulia, mpe salamu, "mwangaluka mayu", halafu geukia maji yako. Kuulizia kwamba yuko salama ni utu, kumtungia kesi si utu.

Ni hayo tu wadau. Nyie mnapotaka kutuliza kichwa huwa mnaenda wapi?