Lugha ya Mwanzo na Maisha ya Jumuiya katika Shule ya Montessori: Hali ya Kitengela na Kajiado

1.0 Utangulizi

Tarehe 6 Januari 1907 Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Watoto waliopokelewa humo walikuwa wa wafanyakazi maskini, nao walifundishwa kwa lugha waliyoisikia kila siku. Jambo hili la pili husahauliwa mara kwa mara. Nchini Kenya jina la Montessori limehusishwa zaidi na shule za binafsi za mijini zinazofundisha kwa Kiingereza, hata mtu aweza kudhani kwamba njia hiyo na lugha hiyo ni kitu kimoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Yataeleza namna mafunzo ya lugha ya Montessori yanavyokutana na Kiswahili na Kimaa katika mazingira ya Kitengela na Kajiado, mahali yanapofaa bila kubadilishwa, na mahali ambapo muundo wa lugha zenyewe unadai yatungwe upya. Mwisho yatagusia maisha ya jumuiya, kwa kuwa lugha ya mtoto mdogo haitengani na watu anaoishi nao.

2.0 Mazingira ya lugha

Kajiado ni nchi ya Wamaasai, na majina ya mahali yanashuhudia hivyo. Jina Kajiado lenyewe latokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Lakini Kitengela, mji ulioko kando ya barabara ya Namanga, umebadilika upesi. Kugawanywa kwa ranchi ya jumuiya mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya Athi River na ukaribu wa Nairobi vimeleta wakazi kutoka kila upande wa nchi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji huo ulikuwa na watu wasiofikia 60,000. Mwaka 2019 walikuwa wamezidi 150,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019.

Kwa hiyo, katika darasa moja la watoto wa miaka mitatu hadi sita mjini Kitengela huweza kupatikana Kikuyu, Kikamba, Kimaa, Kiluo na lugha nyinginezo za nyumbani, huku Kiswahili kikiwa lugha ya uwanjani na sokoni. Kusini zaidi, nje ya miji, hali ni tofauti: mtoto aghalabu huja shuleni na Kimaa peke yake.

Sera ya elimu haikuipuuza tofauti hii. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Penye mchanganyiko wa lugha, Kiswahili hushika nafasi hiyo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umeshikilia msingi uo huo kwa madarasa ya awali. Tatizo, basi, haliko katika maandishi ya sera. Liko katika yale yanayotendeka darasani, na katika imani ya wazazi kwamba ada wanayolipa ni bei ya Kiingereza.

3.0 Sauti na herufi

Montessori alishikilia kwamba mtoto huandika kabla ya kusoma. Kwanza hutenga sauti kwa sikio. Kisha hupitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwa msasa huku akitamka sauti yake. Halafu hupanga maneno kwa herufi za kuhamishika, hata kama mkono wake haujaweza kushika kalamu. Mwalimu hufuata hatua tatu zilizotokana na Séguin: «hii ni s», «nionyeshe s», «hii ni nini?».

Ni dhahiri kwamba utaratibu huu ulizaliwa na lugha ambayo maandishi yake hufuata matamshi. Kiitaliano ni lugha ya namna hiyo, na Kiswahili pia. Mtoto akishajua irabu tano, konsonanti, na herufi pacha kama vile ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th, anaweza kuandika karibu kila neno analolitamka. Kiingereza hakimpi faraja hiyo. Utafiti wa Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi ya mara mbili kuliko wenzao wengi ili kupata misingi ya kusoma. Shule inayochukua herufi za msasa na kuzifundisha kwa Kiingereza peke yake imechukua chombo na kuacha kile kilichokifanya kifae.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba sikio la mtoto huja shuleni likiwa limekwisha kufunzwa. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba. Kimaa kina tisa, ambazo hutofautiana kwa kusogea au kutosogea mbele kwa shina la ulimi. Maandishi ya kawaida ya Kimaa hutumia herufi tano tu kwa irabu hizo, wala hayaonyeshi toni, ingawa toni katika lugha hiyo hutofautisha nomino iliyo kiima na iliyo yambwa. Mtoto anayepanga neno la Kimaa kwa herufi za kuhamishika husikia zaidi ya anachoweza kuandika. Mwalimu asiyejua jambo hilo huweza kumhesabia kosa ambalo ni la maandishi, si la mtoto.

Upande wa konsonanti kuna msaada na kuna mzigo. Vipasuo b, d na g vya Kimaa hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, kama ilivyo katika Kiswahili cha pwani. Hapo mtoto wa Kimaasai hana kazi ya kufanya. Lakini Kimaa hakina f, v wala z. Sauti hizi zapasa kutangulizwa katika michezo ya masikio, majuma mengi kabla ya herufi zake kuletwa mezani.

4.0 Sauti ya kwanza na tatizo la viambishi

Mchezo mashuhuri wa madarasa haya ni ule wa kutaja kitu kwa sauti yake ya kwanza: «Naona kitu kinachoanza na m». Ukitafsiriwa hivi hivi kwa Kiswahili mchezo huu huharibika. Chukua vyombo vya kazi za nyumbani ambavyo mtoto huvishika kila asubuhi: kijiko, kikombe, kisu, kitambaa, kibuyu, kikapu. Vyote vyaanza na k. Chukua mtu, mti, mkono, mguu, mlango: vyote vyaanza na m. Sauti ya kwanza haimsaidii mtoto kutenga neno na neno, kwa sababu ni ya ngeli wala si ya mzizi.

Katika Kimaa hali ni nzito zaidi. Nomino nyingi huanza na kiambishi cha jinsia: enkiteng (ng'ombe jike), enkaji (nyumba), enkare (maji), enkerai (mtoto), na kwa upande wa pili olkiteng (maksai), olchani (mti), oltungani (mtu). Mtoto akiulizwa sauti ya kwanza atajibu e au o siku nzima.

Suluhisho si kuuacha mchezo bali kuugeuza. Mtoto aulizwe silabi ya mwisho, au silabi inayofuata kiambishi. Kisha kile kilichokuwa kikwazo kifanywe somo: vitu vya ki- vikusanywe kwenye mkeka mmoja na vya m- kwenye mkeka mwingine, halafu viongezwe hadi viwe viwili viwili, ili mtoto asikie kijiko kikigeuka vijiko na mti ukigeuka miti. Hapo anaigusa ngeli kwa mikono yake miaka mingi kabla ya kulisikia jina lake.

5.0 Alama za sarufi

Tatizo la namna hiyo hujitokeza katika alama za sarufi. Montessori aliiwakilisha nomino kwa pembetatu kubwa nyeusi, kitenzi kwa duara jekundu, na vivumishi na vibainishi kwa pembetatu za buluu. Mgawanyo huu unachukulia kwamba kila neno lina kazi moja. Kiswahili hakina kibainishi cha aina ile, na neno moja kama anakisoma lina mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Duara moja jekundu halitoshi.

Njia iliyo karibu na tabia ya Kiswahili ni kukata neno vipande kabla ya kuliwekea alama: a-na-ki-soma. Kiambishi a- kipewe alama ndogo yenye rangi ya nomino, na ki- vivyo hivyo, ili mtoto aone kwamba kitabu kimeacha alama yake ndani ya kitenzi. Hii ni kazi ya wanaisimu wa Kiswahili. Haipaswi kuachiwa walimu wa chekechea peke yao, ambao hupokea masanduku yaliyotengenezwa kwa lugha nyingine.

6.0 Maisha ya jumuiya

Darasa la Montessori huchanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, na mkubwa humfundisha mdogo. Wazo hili si geni kwa wasemaji wa Kimaa. Huko Samburu, katika miaka ya 1990, Taasisi ya Elimu ya Kenya na washirika wake walisaidia kuhuisha loipi, yaani kivuli ambamo nyanya hulea watoto wa boma wa umri mbalimbali kwa nyimbo, hadithi na michezo. Tusiilinganishe hali hii na mfumo wa marika, ambao huanza na jando na una shabaha nyingine. Ulinganifu uko katika malezi ya pamoja, na katika kuwapo kwa mtu mzima aijuaye lugha kwa ukamilifu.

Hapo ndipo shule nyingi hupungukiwa. Masomo ya adabu hufundishwa kama ukarimu wa mezani wa Ulaya, ilhali mtoto wa Kimaasai anajua kuinamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe utosini. Rangi hufundishwa kwa vibao, ilhali Kimaa kina hazina kubwa ya majina ya rangi na mabaka ya ng'ombe. Shanga za kuhesabia huagizwa kutoka mbali, nao akina mama wa Kajiado hupanga shanga kila siku. Nyanya mmoja akikaribishwa darasani mara mbili kwa juma huleta msamiati usiopatikana katika sanduku lolote.

7.0 Hitimisho

Kwamba njia ya Montessori yaweza kufundishwa kwa Kiswahili si dhana tupu: nchini Tanzania walimu wa chekechea wamefunzwa njia hiyo katika vyuo vya Kanisa Katoliki, kikiwamo kile cha Msimbazi, Dar es Salaam. Kinachobaki kwa Kajiado ni mambo matatu: orodha za maneno zilizopangwa kwa silabi na ngeli za Kiswahili, herufi za Kimaa zenye kuzikiri irabu tisa, na alama za sarufi zitakazotungwa kutokana na lugha hizi zenyewe. Miaka ambayo mtoto hunyonya lugha bila jitihada ni michache. Akiitumia kukariri lugha ambayo hakuna anayemjibu kwayo nyumbani, atakuwa amepoteza kipindi ambacho shule ya baadaye, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kumrudishia.